Maswali ya Muvi na Miendelezo Yake Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kibandani Uyole

Maswali haya nimeyasikia kwa miaka mingi mlangoni pa kibanda chetu cha video hapa Uyole, Mbeya. Huulizwa watu wanaposoma ubao wa ratiba, umeme unapokatika na genereta bado haijawaka, na zaidi ya yote watazamaji wanapotoka wamekunja nyuso kwa sababu hadithi haikuwaingia. Nimeanza na ya msingi, yale ya ubishi wa usiku nimeyaweka baadaye. Jibu linalofichua mwisho wa muvi nimelitaja hivyo mwanzoni, ili asiyeiona aruke.

## Ya msingi

Mwendelezo ni nini? Kila muvi yenye namba 2 ni mwendelezo?

Mwendelezo ni muvi inayoichukua hadithi pale ilipoachwa na kwenda nayo mbele, kwa watu wale wale au waliobaki hai. Namba kwenye kava haithibitishi hilo. Namba huwekwa na mwenye biashara ili aliyeipenda ya kwanza anunue na ya pili, na kuna wakati hadithi zenyewe hazijuani kabisa.

Chukua Ong-Bak ya Tony Jaa. Ya kwanza, ya mwaka 2003, ni ya kijana wa kijijini Thailand anayekwenda Bangkok kutafuta kichwa cha sanamu ya Buddha kilichoibwa. Ong Bak 2 ya 2008 inarudi nyuma karne kadhaa, enzi za mapanga na tembo. Kila tulipoiweka, kulikuwa na mtu aliyekaa nusu saa akimsubiri yule kijana wa kichwa cha sanamu. Hayumo. Inayoendelezana ni ya 2 na ya 3, iliyotoka 2010. Hizo mbili ziangalie kwa kufuatana, ya kwanza iache isimame peke yake.

Zipo pia zinazosimulia yaliyotokea kabla ya muvi uliyoiona, zipo zinazoanza hadithi upya kana kwamba za nyuma hazikuwahi kutengenezwa, na zipo matawi, ambapo mtu wa pembeni anapewa muvi yake mwenyewe. Hobbs & Shaw ya 2019 ni tawi la Fast & Furious. Usipoiona, hutapotea kwenye zile kubwa.

Nianze na iliyotoka kwanza, au na ile ambayo hadithi yake inatangulia?

Anza na iliyotoka kwanza. Mtunzi alipoandika ya pili alijua wewe umeshaona nini na hujaona nini, na mshangao wake ameupanga kwa kufuata hilo.

Star Wars ndiyo inayowachanganya watu. Ya kwanza kutoka ilikuwa 1977, zikafuata za 1980 na 1983, na hizo leo zinahesabiwa kuwa sehemu ya 4, 5 na 6. Sehemu ya 1, 2 na 3 zilitoka 1999, 2002 na 2005. Ukianza na namba 1 kwa kuamini namba, utafika ile ya 1980 ukiwa tayari unajua siri iliyowaacha watazamaji wa mwaka ule midomo wazi. Siri yenyewe siiandiki hapa.

Iko familia moja ya muvi ninayoiondoa kidogo kwenye kanuni hii. Tazama chini, swali la Han wa Fast & Furious.

Kwa nini Rambo ya kwanza haiitwi Rambo?

Kwa sababu waliotengeneza hawakujua kwamba jina hilo lingeizidi muvi yenyewe. Ya kwanza inaitwa First Blood, ya 1982, na imetokana na riwaya ya David Morrell ya 1972. Ya pili, ya 1985, ikaitwa Rambo: First Blood Part II. Ya 1988 ni Rambo III, ya 2008 ni Rambo tupu, na ya 2019 ni Rambo: Last Blood. Alizocheza Sylvester Stallone ni tano basi. Kava likikuonyesha Rambo 7 na picha yake, umeuziwa muvi nyingine.

Jambo ambalo watu hawaliamini nikiwaambia: kwenye riwaya Rambo anafariki. Hata kwenye muvi walipiga kipande cha kifo chake, waliojaribishiwa kuiona wakakikataa, kikatolewa. Kingebaki, kusingekuwa na namba mbili, na nadhani hata ile mifuko ya plastiki ya rambo tuliyobebea nyanya sokoni Mwanjelwa mpaka ilipopigwa marufuku Juni 2019 tungeiita jina jingine.

Commando 2 ya Arnold iko wapi?

Haipo. Commando ya Arnold Schwarzenegger ni moja tu, ya 1985, ile ya baba anayemfuata binti yake aliyetekwa. Commando 2 utakayoikuta dukani ni ya Kihindi, ya 2017. Stelingi wake ni Vidyut Jammwal, na inafuata Commando ya Kihindi ya 2013. Ya 3 ilitoka 2019. Ni muvi nzuri za ngumi, ila hazina undugu na ile ya Arnold.

## Maswali ya ubishi

Han alikufa Tokyo kwenye Fast & Furious namba 3. Mbona namba 4, 5 na 6 yupo mzima?

Jibu hili linafichua mambo.

Hakufufuka. Ile ya Tokyo ilitoka ya tatu, mwaka 2006, lakini matukio yake ni ya baada ya namba 6. Muvi za 2009, 2011 na 2013 zote ziko nyuma yake kihadithi. Ukitaka kufuata maisha ya watu wenyewe, angalia 1, 2, 4, 5, 6, kisha rudi Tokyo, ndipo uende 7. Kwa mgeni wa muvi hizi huo ndio mpangilio ninaoupendekeza, kwa sababu kwenye 5 na 6 utakuwa umempenda Han, na ajali ya Tokyo itakuuma inavyostahili. Anayeiona kwanza anamwona Han kama kaka tu anayekula vitafunwa na kuendesha gari.

Swali hili lilitaka kutuvunjia kibanda. Tulipoweka namba 4 kwa mara ya kwanza, jamaa mmoja fundi wa baiskeli alisimama mbele ya tivi, ule mwanga wa bluu ukimpiga mgongoni, akatangaza kwamba tumechanganya diski na arudishiwe hela yake. Watu wakamshangilia. Mimi niliyekuwa nashika rimoti sikuwa na jibu. Nilimrudishia.

Aliyemsababishia Han ile ajali anaonekana mwishoni mwa namba 6: ni Jason Statham, na hapo ndipo namba 7 inapozaliwa. Kwenye F9 ya 2021 inaelezwa kwamba kifo chenyewe kilipangwa, na Han anarudi. Kwa nini wengi wetu hapa Uyole hatukuiona ile sehemu ya Statham, ni kisa kingine. Kiko swali la mwisho kabisa.

Paul Walker alifariki kabla namba 7 haijaisha. Yule wa mwisho barabarani ni nani?

Paul Walker alifariki kwa ajali ya gari tarehe 30 Novemba 2013, kazi ikiwa katikati. Ndugu zake wawili, Caleb na Cody, walisimama mahali pake, kisha sura yake ikawekwa juu yao kwa kompyuta. Muvi ilitoka Aprili 2015. Mhusika wake hakuuawa kwenye hadithi, alipewa kustaafu akalee familia. Lile gari jeupe linapochepuka kwenye njia panda, kibanda chetu kilinyamaza kimya, jambo ambalo ni nadra mno mahali penye wauza karanga.

Kwa nini Black Panther ya pili hawakuweka mwigizaji mwingine?

Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na miaka 43. Mwongozaji Ryan Coogler na wenzake waliamua kutompa mtu mwingine nafasi ya T'Challa, mfalme ambaye ndiye Black Panther. Wakanda Forever ya 2022 inaanza na kifo cha mfalme kwa ugonjwa na mazishi yake, kisha dada yake Shuri anabeba hadithi.

Wapo wanaosema ilikuwa kosa, kwamba James Bond amechezwa na watu wengi na hakuna aliyelia. Mimi siwaungi mkono. Mazishi yale yanafanywa yanavyofanywa na watu wanaojua msiba, watu wamevaa nyeupe, ngoma zinalia, na ukikaa nayo utaona waigizaji wenyewe wanamzika mwenzao. Tega sikio pia kwenye lugha yao, maana ni Kixhosa cha Afrika Kusini, Kibantu kama chetu. Wao husema umntu, abantu. Bibi yangu aliyezungumza Kinyakyusa asingehitaji mtafsiri kwa maneno hayo.

Kwa nini Kattappa alimuua Baahubali?

Hili linafichua kiini cha muvi yote. Kama bado hujaona Baahubali 2 ya 2017, ruka.

Kattappa ni mtumwa aliyefungwa na kiapo cha mababu zake kwa kiti cha enzi. Bhallaladeva na baba yake walimdanganya malkia Sivagami mpaka akaamini kwamba Baahubali anapanga kumuua mwanawe wa kumzaa, huyo huyo Bhallaladeva. Malkia akatoa amri, Kattappa akaitii, kisha ukweli ukajulikana damu ikiwa imeshamwagika. Ya kwanza ilikatwa makusudi kwenye swali hilo mwaka 2015, watu wakasubiri karibu miaka miwili.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba Prabhas anacheza baba na mwana. Aliyechomwa upanga mgongoni ni baba, na anayesimuliwa kisa hicho ni mwana. Shika hilo kwanza, mengine yatanyooka. Nyongeza: tunaiita muvi ya Kihindi, lakini ilitengenezwa kwa Kitelugu na Kitamili.

Terminator ziko sita. Mbona hazishikani?

Ya 1984 na ya 1991 zinashikana vizuri sana. Watoto huuliza kwa nini Arnold ni adui kwenye ya kwanza na mlinzi kwenye ya pili. Ni mashine mbili tofauti zenye umbo moja: ile ya kwanza ilisagwa kiwandani, na hii ya pili imepangwa upya na watu ili imlinde John Connor. Baada ya hapo kila kundi la watengenezaji lilikuja na lake, mwaka 2003, 2009 na 2015. Dark Fate ya 2019 ikaziruka zote tatu na kuendelea kutoka ile ya 1991. Ukiwa na jioni mbili tu, tumia kwa mbili za mwanzo.

## Zilizotafsiriwa na zilizobandikwa majina

Kwa nini kwenye iliyotafsiriwa stelingi anaitwa jina jingine?

Kwa sababu mtafsiri wetu ni msimulizi. Rika langu tumekuzwa na sauti ya Lufufu na waliomfuata: mtu mmoja kwenye maiki anakuwa stelingi, adui, mama mkwe na askari wa zamu, na hapo hapo anakueleza bunduki ile ni ya aina gani. Jina gumu analibadilisha liwe la kushikika. Mimi nimemsikia mlinzi wa gereza la Marekani akiitwa Masanja, na muvi haikupungua utamu.

Kwenye miendelezo ndipo taabu inapoanza. Sehemu ya kwanza ikitafsiriwa na huyu na ya pili na yule, mtu mmoja anakuwa na majina mawili, na mtazamaji anadhani ni watu wawili. Kuna mzee wa Igawilo, kila nikimwamkia shikamoo ananijibu marahaba na kuuliza hapo hapo, "Mwanangu, yule Masanja aliishia wapi?" Kwa hiyo fuata sura, usifuate jina. Na ukiweza, nunua zote mbili za mtafsiri mmoja.

Nina CD 2. Hiyo ndiyo sehemu ya pili?

Hapana, na kosa hili limewagombanisha watu wengi. Diski ya VCD inabeba takriban dakika 74 hadi 80 za picha. Muvi ya saa mbili haiingii kwenye moja, kwa hiyo ilikatwa ikawekwa kwenye mbili. CD 1 na CD 2 ni muvi moja iliyokatwa katikati, mara nyingi mtu akiwa bado ameshika bastola hewani. Sehemu ya pili ni muvi nyingine kabisa, nayo inaweza kuwa na CD 1 na CD 2 zake.

Flashi zimeliondoa tatizo hili na kuleta jingine: faili hupewa jina na aliyelijaza. Fungua kwanza, tazama dakika mbili za mwanzo, linganisha mwaka na waigizaji, ndipo uondoke dukani.

## Bongo na Naija

Kwa nini muvi za Kinaijeria na za Kibongo zilikatwa sehemu ya 1 na ya 2?

Kwa sababu ziliuzwa mkononi na siyo kwenye majumba ya sinema. Living in Bondage ya Nigeria, ya 1992, iliyopigwa kwa Kiigbo na kuuzwa kwa kanda za VHS, ndiyo inayotajwa sana kama mwanzo wa biashara hiyo, nayo ilikuwa na sehemu ya pili mwaka uliofuata. Mtengenezaji hakuwa na tiketi za kutegemea, alikuwa na kanda tu. Hadithi moja ikiwa kanda mbili, anauza mara mbili. Bongo Movie ilipoanza kushika miaka ya 2000, ikarithi mtindo huo pamoja na kava zake.

Wanaoulalamikia mtindo huo wana haki. Nimewahi kununua sehemu ya pili ambayo robo yake ilikuwa marudio ya sehemu ya kwanza, na nikawaonyesha watu waliokuwa wametembea kutoka Nsalaga kwenye baridi ya Julai, ile inayofanya mtu aingie na blanketi la nyumbani. Wale walinunua tiketi kwa hela ya viazi walivyouza asubuhi. Mtengenezaji aliyekata hadithi yake kwa namna hiyo aliwakata na wao.

Ila wapo walioufanya mwendelezo kwa heshima. Living in Bondage: Breaking Free ilitoka 2019, miaka 27 baada ya ile ya kwanza, na inamfuata mtoto wa Andy, mhusika mkuu wa ile ya zamani aliyechezwa na Kenneth Okonkwo. Ukiziona kwa kufuatana unamwona Okonkwo kijana, kisha unamwona mtu mzima, na mvi hizo hazikupakwa na mtu.

Dar 2 Lagos ya Kanumba: sehemu ya 1 iko wapi?

Haipo, kwa sababu hiyo 2 siyo namba ya sehemu. Ni kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya "mpaka" au "kwenda": Dar kwenda Lagos. Ni moja ya kazi alizofanya marehemu Steven Kanumba na waigizaji wa Nigeria. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na swali hili bado naulizwa na vijana ambao wakati ule walikuwa chekechea. Nalijibu kwa furaha kila mara, maana lina maana kwamba bado anatazamwa.

## Za pembeni kidogo

The Gods Must Be Crazy ziko ngapi? Mbona nyingine yule Msan yuko na Wachina?

Za mwongozaji Jamie Uys ni mbili: ya 1980, ile ya chupa ya soda iliyoanguka kutoka angani, na ya 1989. Baadaye N!xau, Msan wa Namibia aliyecheza stelingi, alichukuliwa na watengenezaji wa Hong Kong kwenye muvi zao, mojawapo Crazy Safari ya 1991. Wauzaji wakazibandika namba 3 na kuendelea. N!xau mwenyewe ni yule yule, ila hadithi ni nyingine. Alama ya mshangao kwenye jina lake ni sauti ya kidoko, ya kualisha ulimi. Wasandawe wa Chemba, Dodoma, wanazo sauti za namna hiyo, kwa hiyo Mtanzania asicheke anapoisikia.

Kwa nini Avatar ya pili ilichelewa miaka 13?

Ya kwanza ilitoka 2009, ya pili 2022. James Cameron alitaka waigizaji warekodiwe miondoko yao wakiwa ndani ya maji kweli, na ufundi huo ulibidi utengenezwe kwanza. Waigizaji walijifunza kuzuia pumzi. Ya tatu ilipigwa pamoja na ya pili, ndiyo maana ilifuata haraka zaidi, Desemba 2025.

Muvi imeisha, majina yanapanda. Kuna haja ya kubaki?

Ipo. Kwenye Iron Man ya 2008, majina yakishamaliza kupanda, anatokea Samuel L. Jackson na maneno machache yaliyofungua njia ya muvi zote zilizofuata. Fast & Furious wanaweka kipande chao katikati ya majina. Fast Five, yaani namba 5, ilifanya hivyo kutangaza kwamba Letty, aliyedhaniwa amekufa, yuko hai. Namba 6 ilifanya hivyo kumwonyesha Statham akiigonga gari ya Han mjini Tokyo.

Kibandani kwetu majina yakianza kupanda nilikuwa nazima. Mafuta ya genereta yalikuwa ya kuhesabu, watu wa saa mbili usiku walikuwa wameshapanga foleni nje wakipuliza viganja kwa baridi, na mimi niliamini kwamba baada ya majina hakuna kitu. Namba 6 niliizima hivyo hivyo, siku baada ya siku, na kila onyesho lilitoka nje likiwa bado halijui Han alikufaje. Nilikuja kukiona kile kipande mwaka mwingine kabisa, nikiwa peke yangu, diski ikiwa imeachwa inazunguka wakati nafagia maganda ya karanga.

Nilikwenda kumtafuta yule fundi wa baiskeli pale stendi ya Uyole. Alikuwa ameinamia tairi. Nikamwambia ipo sehemu hakuiona, na hela yake nilishamrudishia ya namba 4, ila kwa namba 6 bado ananidai dakika tatu za muda wake. Alikuja jioni na wanawe wawili, tukairudisha nyuma, tukakaa kwenye benchi la mbele mpaka majina yakaisha kupanda.